Daraja la Cheti na Daraja la Mto

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingine huvipa majina mbalimbali. Daraja ni kile kijengwacho juu ya mto ili watu wavuke wasilowe. Na daraja ni cheo apewacho mwanafunzi baada ya mtihani, likawa la kwanza, la pili au la tatu. Yamkini wazee waliolipokea neno hili kutoka Kiarabu hawakukusudia kufumba fumbo. Walakini kwa mwanafunzi wa uhandisi fumbo lipo, nalo ni zito. Daraja la kwanza katika cheti ni ahadi ya chuo kikuu kwa umma kwamba daraja la mto litakalojengwa na kijana huyu litasimama. Hapana budi kuuliza ahadi hiyo imejengwa juu ya msingi gani. Jibu ni chungu: imejengwa juu ya kipimo ambacho mhandisi mwenyewe angekikataa kama angeletewa kwa ajili ya zege.

Mhandisi hupimaje zege? Hamwulizi fundi kama amelichanganya vema, wala hasomi maandishi ya mfuko wa saruji akaridhika. Huchota zege lile lile linalomiminwa katika nguzo, akalitia ndani ya kasha lenye milimita 150 kila upande, akalihifadhi katika maji, na baada ya siku 28 akaliweka katika mashine na kuligandamiza mpaka lipasuke. Katika desturi hii kuna hekima tatu. Kwanza, kilichopimwa ni zege lenyewe, si habari za zege. Pili, limepewa muda wa kukomaa. Tatu, limejaribiwa kwa mzigo wa namna ile ile litakayobebeshwa. Kisha iko hekima ya nne, ambayo bila ya hiyo tatu za kwanza huua watu: mhandisi anajua kwamba zege lenye nguvu nyingi likigandamizwa lina nguvu kidogo likivutwa, kiasi cha sehemu moja ya kumi tu. Kwa sababu hiyo hutia nondo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetazama kipimo cha mgandamizo akasema, "Zege hili lina nguvu," kisha akajenga boriti isiyo na chuma.

Mtihani wa saa 3 ni kipimo cha mgandamizo. Hupima kitu cha kweli, na asiyekubali hivyo hasemi haki. Mwanafunzi asiyeweza kukokotoa mzigo wa boriti kwa kalamu na karatasi hafai kukabidhiwa boriti. Lakini katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki mtihani huo wa mwisho huchukua alama 60 au 70 katika kila 100, na zinazosalia aghalabu hugawanywa kwa majaribio madogo yanayofanana nao kama mtoto afananavyo na mamaye. Basi mwanafunzi hugandamizwa mwanzoni mwa muhula, hugandamizwa katikati, hugandamizwa mwishoni. Na baada ya miaka minne au mitano hutolewa nje, mahali ambapo atavutwa, atapindwa na atatikiswa kila siku ya kazi yake.

Yatazamwe maswali yenyewe. Boriti ina urefu fulani, imeegemea nguzo mbili, imebeba uzito fulani. Tafuta mkazo mkubwa kuliko yote. Kila namba iliyomo katika swali ina kazi, na kila namba inayohitajika imo. Mwanafunzi mwerevu hugundua upesi kwamba haimlazimu kuifahamu boriti. Yamtosha kulifahamu swali. Hukusanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, akaona kwamba maswali hurudi kama mawimbi, akajifunza ni kanuni ipi humezwa na namba zipi. Huo ni ujuzi, lakini si uhandisi. Mto haumpi mtu karatasi yenye namba. Mto humpa matope, mafuriko ya miaka ambayo hakuna aliyeyaandika, fedha pungufu na diwani mwenye haraka. Kazi ya kwanza ya mhandisi ni kujua aulize nini, na jambo hilo ndilo ambalo mtihani humfanyia tangu mwanzo, kisha ukamsifu kwa yaliyobaki.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli moja mjini Kansas City nchini Marekani, vijia viwili vya kupitia hewani viliwaangukia watu waliokusanyika ukumbini, na watu 114 wakafa. Kijia kimoja kilikuwa cha ghorofa ya nne na kingine cha ghorofa ya pili chini yake, vyote vikining'inia kwa vyuma kutoka darini. Mchoro wa kwanza uliagiza chuma kimoja kirefu kitoke darini, kipite katika kijia cha juu na kushuka mpaka cha chini. Katika matengenezo chuma hicho kikabadilishwa kikawa viwili: kimoja kutoka darini mpaka kijia cha juu, na kingine kutoka kijia cha juu mpaka cha chini. Kwa macho hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa uzito, nati iliyokuwa chini ya boriti ya kijia cha juu, iliyopasiwa kubeba kijia kimoja, ikabebeshwa viwili. Mfano wake ni watu wawili walioshika kamba moja, kila mmoja kwa mikono yake. Kisha wa chini akaiachia kamba na kuishika miguu ya mwenzake. Kamba haikuongezewa kitu, lakini mikono ya yule wa juu imeongezewa mtu mzima. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa kwanza haukutimiza kanuni za ujenzi za mji ule, sembuse huo wa pili.

Hesabu ya kugundua kosa hilo ni ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lau mchoro ule ungaliwekwa katika karatasi ya mtihani, na chini yake pakaandikwa, "Tafuta mzigo wa nati hii," wanafunzi wengi wangalipata alama zote. Msiba haukutokea kwa kuwa watu hawakuweza kujibu swali. Ulitokea kwa sababu swali halikuulizwa. Basi ni haki kuwahoji watetezi wa mtihani: ni lini mwanafunzi hupewa alama kwa kuuliza swali ambalo hakuna aliyemwambia aulize? Ni lini huonyeshwa badiliko dogo katika mchoro wa mtu mwingine akaambiwa tu, "Weka sahihi yako, au ukatae na utoe sababu"?

Mtetezi atasema kwamba ajuaye kukokotoa hufahamu, na kwamba kufahamu hufuata hesabu kama mkia umfuatavyo ng'ombe. Madai haya yamekwisha kujaribiwa, nayo yameanguka. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake huko Arizona walitoa maswali mafupi ya nguvu na mwendo yasiyohitaji hesabu hata moja. Swali mojawapo ni la namna hii: lori likigongana na gari dogo, lipi humsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Kwa mujibu wa Newton nguvu ni sawasawa, na kanuni hiyo kila mwanafunzi anaweza kuikariri usingizini. Hata hivyo wengi waliofaulu masomo ya fizikia walijibu kwamba lori husukuma zaidi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali ya jinsi hiyo akitumaini kwamba wake ni tofauti. Hawakuwa tofauti. Walikokotoa mizunguko migumu ya umeme, kisha wakashindwa kueleza kwa maneno nini hutokea swichi ikifungwa. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 waliopimwa kabla ya somo na baada yake. Katika madarasa ya mihadhara mitupu ufahamu ulipanda kwa chini ya robo ya nafasi iliyokuwapo ya kupanda. Katika madarasa ambayo wanafunzi walijadiliana na kusahihishwa papo hapo ulipanda kwa karibu nusu. Tofauti hiyo ilionekana kwa sababu pimo liliwekwa mahali pawili, mwanzo na mwisho. Anayepima mwisho peke yake hajui kama amefundisha kitu au amewapokea tu wale waliokuwa wakijua tangu kwao.

Katika Afrika Mashariki shauri hili si geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikwisha kueleza kwamba mtihani hupima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa kwa wakati alioamriwa, lakini haupimi sawasawa uwezo wake wa kufikiri, wala haupimi kabisa tabia yake na nia yake ya kuwatumikia watu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za kila siku zihesabiwe pamoja na mtihani. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu kabla yake, mwaka 1973. Na kabla ya hapo, wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, elimu ya uhandisi ilikuwa Nairobi. Kitivo kichanga kilizaliwa katika siku ambazo nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya maana ya kufaulu. Ubishi ule ulikwenda wapi? Umezikwa chini ya majedwali ya alama. Mtihani mkubwa haukupunguzwa ukali wake. Ulizaa vitihani vidogo, na uzao huo ukaitwa maendeleo.

Wala isidhaniwe kwamba kila kisichokuwa mtihani ni kizuri. Uovu wa kazi za muhula ni mkubwa vile vile, na anayetaka kuuondoa mtihani kesho asubuhi atafungua mlango kwa mwizi. Taarifa za maabara hunakiliwa kutoka kwa wanafunzi wa mwaka uliopita, pamoja na makosa yao. Katika mradi wa kundi, mmoja hufanya kazi na watano hutia sahihi. Mafunzo kwa vitendo, ambayo yangepaswa kuwa moyo wa elimu hii, mara nyingi huwa wiki kadhaa za kukaa kwenye benchi karakanani, kisha daftari la kazi likajazwa kwa siku moja na kupigwa muhuri na msimamizi asiyelisoma. Siku hizi umeongezeka msaidizi asiyechoka, akili unde, iandikayo taarifa ya kurasa 30 kwa dakika chache juu ya zege ambalo mwanafunzi hakuligusa. Karatasi iliyoandikwa nyumbani imekoma kuwa ushahidi wa kichwa cha mtu. Ni mfuko wa saruji wenye maandishi mazuri.

Tiba si kurudi katika chumba cha mtihani na kufunga mlango kwa kufuli. Tiba ni ile ya mhandisi mwenyewe: chota zege lenyewe, ulijaribu kwa mzigo wake. Mwanafunzi asimame mbele ya walimu wawili na mchoro wake mezani, aulizwe kwa dakika 20. Kwa nini nguzo hii iko hapa? Ukiongezewa ghorofa moja, kipi kitavunjika kwanza? Namba hii umeipata wapi, nawe unaiamini kwa sababu gani? Aliyenakili atajulikana katika swali la pili. Aliyeandikiwa na mashine atajulikana katika la kwanza. Aliyefanya kazi kwa mikono yake, hata akiwa na kigugumizi, atakuwa na la kusema, kwa kuwa anayajua maumivu ya kazi yake.

Dhidi ya baraza la namna hiyo husimama hoja mbili. Ya kwanza ni idadi: wanafunzi ni wengi na walimu ni wachache. Basi na ihesabiwe. Mwalimu asomaye karatasi moja ya mtihani kwa uangalifu hutumia dakika 20. Wanafunzi 120 humchukua saa 40. Baraza la dakika 20 kwa wanafunzi 120 ni saa 40 vile vile. Maadamu barazani hukaa walimu wawili, gharama ni maradufu, na jambo hilo lisifichwe. Lakini hakuna anayedai baraza katika kila somo. Somo moja kwa mwaka, lile ambalo ndani yake mna usanifu, latosha kumfanya mwanafunzi asome masomo yake yote kama mtu atakayeulizwa. Ikiwa hata hilo haliwezekani, basi ukweli usemwe waziwazi: chuo kimepokea watu wengi kuliko kinavyoweza kuwajua, nacho huwapa vyeti vya kuwajua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inastahili heshima. Mtihani ulioandikwa haujui jina la baba wa mwanafunzi. Mtoto wa mkulima wa Kigoma na mtoto wa waziri huketi meza sawa na kuandika namba badala ya majina yao. Wengi walioinuka kutoka umaskini waliinuliwa na upofu huo wa mtihani. Baraza lina macho, na penye macho pana upendeleo, pana chuki, pana mwanafunzi wa kike atakayedharauliwa kabla hajafungua kinywa. Anayelipuuza neno hili hajui dunia. Lakini upofu si haki. Ni kinga dhidi ya namna moja tu ya dhuluma. Kinga nyingine zipo na si za gharama: vigezo vitangazwe kabla; walimu wawili waandike alama zao mbalimbali kabla ya kushauriana; sauti zihifadhiwe ili anayelalamika asikilizwe; na mtahini wa chuo kingine achukue sehemu ya rekodi azipime upya. Mtihani wa kuandikwa nao ubaki kwa nusu ya alama, ulinde mlango wake. Nguzo moja isibebeshwe nyumba nzima.

Liko jambo jingine ambalo vitivo vya uhandisi hulinyamazia kana kwamba ni aibu. Mwanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hupelekwa mahali pa kazi ambapo hakuna anayefunga nondo kwa Kiingereza. Fundi anataka kuongeza maji katika zege ili limiminike kwa urahisi. Mhandisi kijana anajua kwamba maji yakizidi nguvu hupungua. Amekwisha kuandika hivyo katika mtihani, akapewa alama zake. Je, aweza kumwambia fundi yule, mwenye umri wa babaye, kwa Kiswahili cha adabu na cha hoja, kwa nini maji yasiongezwe? Aweza kueleza kwa nini ringi za nguzo zikaribiane zaidi mwishoni mwa nguzo kuliko katikati? Akishindwa, elimu yake imeishia kinywani pake na maji yataongezwa. Kwa hiyo sehemu ya baraza iwe kwa Kiswahili, na miongoni mwa wasikilizaji awepo fundi mzoefu, si kwa ajili ya kutoa alama bali kwa ajili ya kusema kama ameelewa. Asisingizie mtu kwamba maneno hayapo. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na mafundi wenyewe wana timazi, pima maji, boriti na nondo tangu zamani. Kilichokosekana si msamiati. Kilichokosekana ni alama, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza kile kinachohesabiwa.

Vipo vyuo vilivyoamini kwamba dawa ni orodha. Mwaka 1996 Wamarekani waliosimamia ithibati ya uhandisi walipitisha kanuni mpya zilizouliza mwanafunzi ameweza nini, badala ya kuuliza amefundishwa nini, na ulimwengu ukawafuata. Wazo lilikuwa jema. Lakini wazo jema likifika kwa karani hugeuka jedwali. Leo mwalimu hujaza visanduku kuonyesha kwamba swali la tatu limepima uwezo wa pili na wa tano, na swali lenyewe ni lile lile la mwaka 1985. Benjamin Bloom na wenzake walipopanga ngazi sita za malengo ya elimu mwaka 1956, kuanzia kujua mpaka kupima thamani, hawakusema kwamba kuliandika jina la ngazi pembeni mwa swali kunampandisha mwanafunzi.

Mafundi wa majahazi wa pwani hawakuwa na jedwali. Kijana alianza kwa kushika kamba, akaendelea kwa kutia kalafati, akafikia kupasua mbao na kuchonga mataruma, na miaka ikapita kabla hajaachiwa mkuku. Mwalimu wake alimpima kila siku kwa jicho na kwa swali, na bahari ikampima mara ya mwisho. Haifai kuyatukuza mambo ya kale kupita kiasi: fundi yule hakuweza kueleza kwa hesabu kwa nini chombo chake hakipinduki, na vyombo vingine vilizama. Lakini jambo moja alilijua kuliko vitivo vya leo. Usione vyaelea, vimeundwa. Na anayeunda hupimwa kwa kile alichokiunda.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka katikati ya Dar es Salaam, na watu zaidi ya 30 walikufa, wengine wao wapita njia. Itakuwa uzushi kusema kwamba mtihani wa chuo ndio ulioliangusha. Majengo aghalabu huangushwa na tamaa, na zege hafifu, na ghorofa zilizoongezwa, na macho yaliyofumbwa. Lakini karibu kila mara huwapo mahali, kabla ya vumbi, ambapo mtu mmoja mwenye elimu angeweza kusema, "Simamisheni kazi," akaeleza kwa nini, akaeleweka. Kumwandaa mtu huyo ndiyo kazi ya kitivo cha uhandisi. Kumpima kama ameandaliwa ndiyo kazi ya mtihani wake. Chuo ambacho hakijawahi kumsikia mwanafunzi wake akisema hapana na kutetea hapana yake hakijui kama anaweza, na daraja la kwanza kilichompa hakijalijaribu kwa mzigo wowote.